Boksi au Mimi?

Mume anataka spika ya besi ya kizamani, mke anataka kiwanja. Mhariri wetu alisafiri hadi Nyansurura kwa wakwe zake akitafuta wa kumuunga mkono. Akakuta kuku wamelala ndani ya jibu.

Mpenzi msomaji, hivi umewahi kumwambia mwenzio "chagua moja", halafu usiku ukalala macho makavu ukiogopa atakachochagua? Mimi nimewahi. Na wala mshindani wangu hakuwa binti wa ofisini au mchumba wa zamani wa chuoni. Alikuwa boksi la spika.

Mume wangu ni mhasibu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ni mpiga gita la besi katika bendi ya marafiki ambayo, tuseme ukweli, inalipwa zaidi kwa soda kuliko kwa pesa. Sikuwahi kuwa na neno. Heri besi kuliko baa, si ndiyo? Kasheshe lilianza siku aliporudi nyumbani macho yanameta, akaniambia kuna mtu anauza boksi la Ampeg la miaka ya 1970, lile lenye spika 8 za inchi 10. Akanionyesha picha kwenye simu. Dude lina kimo cha mita 1 na robo hivi, na wanamuziki wenyewe wanaliita "friji".

"Friji tunalo," nikamwambia.

Bei yake ilikuwa inakaribia awamu ya mwisho ya kiwanja chetu cha Kibaha. Tukabishana wiki nzima. Siku ya saba nikatamka lile neno: boksi au mimi. Hakujibu. Akazima taa.

Desemba ikatukuta hivyo hivyo, tunaongea kuhusu chumvi na nauli tu. Tukapanda basi la Tarime kwenda kula sikukuu kwa wazazi wake Nyansurura, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Moyoni nilikuwa na mpango wangu. Mama mkwe wangu si mwanamke wa mchezo. Nilijua nikimweleza, atamweka mwanawe sawa kabla ugali haujaiva.

Kuku wa mama mkwe

Tulipofika, baada ya shikamoo na maji ya kunawa, nikaenda nyuma ya nyumba kumsaidia mama jikoni. Pale ukutani, chini ya bati, kulikuwa na sanduku kubwa la mbao nzito ya mvule. Mbele lilikuwa na tundu la mviringo linalotosha kupitisha sinia dogo, na chini yake mwanya mwembamba uliojaa majani makavu. Kuku wawili walikuwa wamelala ndani, wanatuangalia kama sisi ndio wageni. Nao walikuwa sahihi.

Mume wangu alisimama kama aliyepigwa shoti. "Mama, hili si boksi la besi la baba?"

"Ni banda la kuku," mama akajibu, akaendelea kukuna nazi zangu za zawadi.

Nilijua kwamba baba mkwe alipiga besi ujanani Musoma, katika bendi ndogo ambayo haikudumu. Si unajua tena, miaka ile ya 1970 kila mji ulikuwa na dansi lake. Kwetu Morogoro tulikuwa na Morogoro Jazz, Musoma walikuwa na Mara Jazz, Dar es Salaam NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Na mkoa huu wa Mara ndio uliomzaa Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 kule Shirati, akavuka mpaka na kuwa mmoja wa wafalme wa benga na kundi lake la Shirati Jazz mpaka alipofariki mwaka 2006. Sikiliza benga yoyote: besi haijifichi nyuma, inatembea mbele kama mwenye nyumba.

Bendi kubwa zilikuwa na vyombo vya mwenye bendi. Ya baba mkwe haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila mpigaji alijitafutia. Spika ya inchi 15 aliipata kwa mtu. Boksi lilichongwa na seremala wa Musoma, akiiga la kigeni aliloliona.

Kwani boksi lina kazi gani?

Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya majuma, mimi na mume wangu tuliongea sentensi ndefu. Nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo: kwani boksi lina kazi gani? Si ni pambo la kubebea spika?

Akaniambia hivi. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta nyuma. Kwa sauti za chini, wimbi la mbele linazunguka na kukutana na la nyuma, yanauana. Ukipiga spika ya besi ikiwa uchi mezani utasikia kama nzi kwenye kopo. Waya mnene wa gita la besi unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 na kitu. Boksi ndilo linalowatenganisha hao wawili wasiuane.

"Kama wakwe," nikasema. Akacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake.

Ziko njia kadhaa za kuwatenganisha. Ya kwanza ni kufunga boksi kabisa, hewa ya ndani igeuke springi inayoirudisha koni. Ndivyo lilivyo lile "friji" la Ampeg. Mtambo wake, SVT wa wati 300, ulitoka mwaka 1969, na Rolling Stones wakautumia katika ziara yao ya Marekani mwaka huo huo. Cha ajabu ni kwamba boksi hilo halitoi kwa nguvu ule mtetemo wa 41. Linatoa vizuri zaidi ule wa 82 na wa juu yake, halafu ubongo wako wenyewe unaijaza sauti ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana besi za kale zinasikika nene lakini kila noti unaitambua.

Njia ya pili ni kuliachia boksi tundu la kupumulia, lililopimwa ili wimbi la nyuma litoke likimsaidia wa mbele badala ya kumpinga. Albert Thuras wa maabara za Bell huko Marekani alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1932. Miaka mingi mafundi walikuwa wanalikisia tundu kwa sikio, mpaka Neville Thiele wa Australia alipoandika hesabu zake mwaka 1961 na mwenzake Richard Small akazikamilisha miaka ya 1970. Boksi la baba mkwe lilikuwa la aina hii. Ule mwanya uliojaa majani ndio pua yake.

Njia ya tatu ni kuikunja tarumbeta kubwa ya mbao ndani ya boksi. Kampuni iliyoitwa Acoustic ilifanya hivyo kwa spika ya inchi 18 mwishoni mwa miaka ya 1960, na Jaco Pastorius akaifanya sauti yake. Wapigaji husema ukisimama karibu nalo unaona halina kitu, kumbe wa mwisho ukumbini ndiye anayetetemeshwa kifua.

Kumbuka kwamba gita la besi la umeme lenyewe lilikuwa changa. Fender waliuza Precision Bass mwaka 1951 na mwaka uliofuata wakatoa amplifaya ya Bassman. Mwaka 1960 Ampeg wakaleta B-15, boksi dogo la spika moja ya inchi 15 ambalo jina lake linatajwa pamoja na la James Jamerson wa Motown. Kila mtu alikuwa anajaribu. Seremala wa Musoma naye alikuwa anajaribu.

Ng'ombe watatu

Kesho yake nikatekeleza mpango wangu. Tukiwa tunachambua maharage, nikamwaga yote: friji, kiwanja, Kibaha. Nikasubiri mama awake.

Mama akanyamaza kidogo, akaninyoshea kidole kwenye banda la kuku.

"Mkamwana, unaliona lile? Lile ni ng'ombe watatu."

Akanisimulia. Mwaka 1975 dada yake baba mkwe aliolewa, ng'ombe wakaja nyumbani. Kwa mila ya Wakurya, mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka. Ng'ombe wale walikuwa wa kumleta yeye, mama. Baba akawatoa watatu akawapeleka mnadani, akarudi na gita, spika na ahadi.

"Nikakaa kwa baba yangu miaka miwili nasubiri ng'ombe watimie. Wenzangu wameolewa, wana watoto mgongoni. Mimi bado nachota maji ya mama yangu. Watu wananiuliza, wewe umekataliwa?"

Nilikosa la kusema.

"Siku aliponioa nikamwambia, lile boksi nimelilipia mimi. Ni langu. Bendi ilipokufa likaja hapa, nikaweka kuku wangu. Hajawahi kusema neno."

"Lakini mama," nikauliza, "lilikuwa linalia vizuri?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Nitajuaje? Sijawahi kulisikia."

Jamani! Bendi ilikuwa inapiga baa, Musoma. Mke wa mtu haendi baa. Lilipokuja kijijini hapakuwa na umeme. Umeme ulipofika, ndani kulikuwa na kuku. Miaka miwili ya ujana wake ililipia muziki ambao hakuna aliyefikiria kumwita asikilize.

Nilipomhadithia mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Na mimi nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Miaka minne ya ndoa, Jumamosi ngapi? Nimemsikia akipiga mara mbili. Mara moja nilikuwa nachati na simu.

Ukarabati

Asubuhi mume wangu alimwendea mama, si baba. Akaomba ruhusa ya kulitengeneza boksi *lake*. Mama akatoa sharti moja: kuku wajengewe banda jipya kwanza. Baba mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe huwa tunaongea kwa umbali, nilimwona akiinuka kutafuta misumari bila kuambiwa mara mbili. Alipita karibu na mwanawe akasema tu, "Mura, leta msumeno."

Banda likasimama saa nane. Ndipo baba akaingia chumbani na kutoka na kitu kilichoviringishwa kwenye shuka kuukuu. Spika! Miaka yote ilikuwa chini ya kitanda. Koni ya karatasi, ukingo wa kitambaa, haina hata tundu la mende. Mume wangu alisema ingekuwa spika ya nyumbani yenye ukingo wa sponji, sponji lingeshageuka unga.

Sumaku yake ilikuwa ya alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti. Hapa kuna kisa cha jirani zetu. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka Zaire, jimbo la Shaba. Mwaka 1978 waasi walipovamia Kolwezi bei iliruka, na viwanda vya spika vikahamia kwenye sumaku za feraiti. Kwa hiyo spika nyingi za kale zinazosakwa leo kwa pesa nyingi ni za kabla ya vita hiyo.

Boksi lilisuguliwa, likatolewa majani na manyoya. Mvule haukuguswa na mchwa. Tatizo lilikuwa nyufa mbili, maana mbao nzima hupanuka na kusinyaa kwa misimu, tofauti na plaiwudi. Baba akazijaza kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno. Alimwambia mwanawe, nami nikasikia kutoka mlangoni, kwamba bendi ilipokaribia kufa besi yake ilikuwa imeanza kuwa dhaifu, akalaumiwa kwamba vidole vimechoka. Kumbe ni nyufa. Hewa ilikuwa inavuja. Miaka zaidi ya 40 mzee anaamini kosa ni la vidole vyake.

Mume wangu akaipima spika kwa mita: 6 na kidogo, maana yake ni ya omu 8 na iko hai. Akagusisha betri ya saa ya ukutani, koni ikaruka mbele. Kanisa la jirani likatuazima amplifaya ya kinanda.

Maharage yalipocheza

Jioni ile baba mkwe aliketi kwenye kigoda na gita la mwanawe. Alianza taratibu, noti moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mama alikuwa hatua tano pembeni na ungo wake wa maharage, uso hausemi kitu.

Sauti haikuwa kubwa. Sikuisikia masikioni kwanza, niliisikia kwenye nyayo. Halafu vidole vya mzee vikakumbuka. Ikatoka laini ya dansi, ile ya mwendo wa taratibu inayokufanya utikise kichwa bila kujijua, na nikaona kitu ambacho sitakisahau: maharage kwenye ungo wa mama yalikuwa yanatetemeka.

Mama aliyaangalia. Akaweka kiganja juu yake, kama anayatuliza. Akakiacha pale.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Mama ndiye aliyevunja ukimya.

"Kumbe ni litungu," akasema.

Wakurya wana litungu, kinubi chenye nyuzi 8 na bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi. Sauti yake ni nzito, inanguruma kutoka tumboni. Nalo ukilitoa bakuli unabaki na nyuzi tu. Mama alikuwa amelisikia litungu tangu akiwa mtoto. Angealikwa siku moja tu mwaka 1975, angejua ng'ombe wake wameenda wapi.

Baba mkwe hakuinua macho. "Ulikuwa na haki ya kusikia," akasema polepole.

"Piga tena," mama akajibu.

Sisi tumeamuaje?

Unataka kujua kuhusu friji? Hatukulinunua. Awamu ya kiwanja ililipwa Januari. Mume wangu anatafuta spika moja ya inchi 15, na seremala atamchongea boksi la plaiwudi kwa hesabu za Thiele na Small. Nami nimekubali likae sebuleni, pembeni ya friji letu halisi.

Lakini lililobadilika si boksi. Tumejiwekea sheria ndogo: pesa ya wawili haitoki kwa ajili ya kitu anachokipenda mmoja mpaka yule mwingine amealikwa *kusikia*. Siyo kuarifiwa, kusikia. Jumamosi moja kila mwezi nakaa mazoezini, simu ikiwa kwenye pochi. Na yeye ameketi kuangalia picha zangu za kozi ya upigaji picha, ambayo ada yake niliitoa bila kumwonyesha hata picha moja. Kumbe na mimi nilikuwa na boksi langu.

Kwa hiyo dada, kabla hujasema "boksi au mimi", uliza linafanya kazi gani. Na wewe kaka, kabla hujapeleka ng'ombe mnadani, mwite anayewalipia. Kuna mwanamke anaweza kukuvumilia miaka 40 na kuku ndani ya spika yako, lakini kwa nini umfikishe huko?

UKITAKA KUFUFUA BOKSI LA ZAMANI

* Saka uvujaji. Kama boksi ni la kufungwa, sukuma koni taratibu kwa vidole kisha uiachie. Ikirudi polepole, limebana. Ikirudi papo hapo, kuna mahali panavuja.
* Pima kwa mita. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi. Isiposoma chochote, koili imekatika.
* Jaribu kwa betri ya volti 1.5. Gusisha sekunde moja tu. Spika mbili kwenye boksi moja lazima ziruke upande mmoja, la sivyo zitauana sauti.
* Jua hesabu. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Hakikisha amplifaya yako inaruhusu.
* Usizibe tundu, na usililazimishe. Noti za chini kuliko tundu lilivyopimwa, zikipigwa kwa sauti kubwa, huifanya koni icheze ovyo mpaka iharibike. Boksi la gita la kawaida lililo wazi nyuma ni hatari zaidi kwa besi.
* Angalia mbao. Plaiwudi inatengenezeka. Ubao wa unga uliogandamizwa ukishavimba kwa maji, achana nao.
* Nenda na gita lako, na mwenzio. Lisikilizeni wote wawili kabla pochi haijafunguliwa. Kisha pimeni na mlango wa nyumba yenu!

Kazi kwenu. Tukutane mwezi ujao.